Lugha, Kanuni na Mzaha katika Mchezo wa Bao: Mfano wa Watamu

Mtu apitaye alasiri katika kijiji cha Watamu, upande wa makazi ya wenyeji ulio mbali kidogo na mahoteli ya ufukoni, aweza kuusikia mchezo wa bao kabla hajauona. Husikia kwanza komwe zikigongana katika mashimo ya ubao, kisha sauti za watu wengi wakisema kwa pamoja, kisha kicheko, kisha kimya kifupi, na mwishowe sauti ya mtu mmoja akidai haki yake. Mgeni hudhani kwamba pana ugomvi. Hapana ugomvi wowote, panatekelezwa sheria.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sheria hiyo inavyotekelezwa, na hasa kazi ifanywayo na lugha katika utekelezaji huo. Mchezo wenyewe si mgeni kwa wataalamu. H. J. R. Murray aliuingiza katika historia yake ya michezo ya ubao ya mwaka 1952. Philip Townshend aliuchunguza mwaka 1982 kama kioo cha maadili ya Waswahili. Na Alexander de Voogt, mwaka 1995, aliandika juu ya mafundi wa Zanzibar na uwezo wa akili zao katika kuhesabu mwendo wa kete. Hapa mkazo umewekwa mahali pengine. Bao la barazani halina mwamuzi, halina kitabu kinachofunuliwa wachezaji wanapobishana, wala halina faini. Hata hivyo kanuni zake ni nyingi na ni ngumu kuliko za michezo mingi ya ubao duniani, na zimehifadhiwa vizazi kwa vizazi. Jibu la swali la jinsi zilivyohifadhiwa linapatikana katika mambo matatu ambayo ni ya lugha tupu: vitenzi vya mchezo, namna wachezaji wanavyoitana, na mzaha.

Mahali na wasemaji

Watamu ipo kati ya Kilifi na Malindi, mwisho wa barabara inayoiacha njia kuu ya Mombasa na Malindi pale Gede, karibu na magofu ya mji wa kale ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwishoni mwa miaka ya 1940. Kusini mwake ni Mida na mikoko yake; mbele yake ni bahari ambayo sehemu yake ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Kijiji kilijulikana kwa uvuvi kabla ya kujulikana kwa utalii. Wabajuni waliotoka pwani ya kaskazini, Wagiriama wa bara ya karibu, na Waswahili wenye jamaa Malindi, Mombasa na Lamu wamekaa hapo pamoja, na katika miongo ya karibuni wameongezeka watu wa bara waliofuata kazi, pamoja na Wataliano wengi.

Kwa mwanalugha jambo hili lina maana. Baraza moja la bao laweza kukusanya watu wa lahaja tatu au nne, na wengine ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Mfanyakazi aliyetoka Nyanza anaujua mchezo wa ajua. Aliyetoka Nyeri amesikia habari za giuthi. Lakini akiketi mbele ya bao la Watamu hupaswa kujifunza maneno upya, maana michezo hiyo ni ndugu wa mbali tu wa bao la Kiswahili, ambalo lina safu nne. Tofauti za lahaja nazo hazifichiki. Shimo la mwisho la safu ya mbele, ambalo katika Kiswahili Sanifu huitwa kichwa, kwa msemaji wa lahaja za kaskazini au wa Kimvita ni kitwa. Vijana waliosoma shule husema kichwa, wazee hawajali. Neno hubadilika sauti, lakini shimo halibadiliki, na wala hajatokea mchezaji wa kudai kwamba kitwa kina kanuni tofauti na kichwa. Katika mambo ya usanifishaji, baraza limekuwa na subira kuliko baadhi ya kamati.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba bao halikuingia katika fasihi ya pwani hii leo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga shairi juu ya mchezo huu, na watu wa zama zake walitazamiwa kuelewa mafumbo yatokanayo na ubao bila ya kufasiriwa. Wala bao halikuwa mchezo wa wanyonge peke yao: Julius Nyerere na Abeid Karume wote wawili walijulikana kwa kulipenda.

Ubao na vitenzi vyake

Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake. Kete ni 64, nusu kwa nusu, na aghalabu ni komwe, yaani mbegu laini za rangi ya kijivu za mkomwe, mmea wa miiba uotao katika vichaka vya pwani. Katika safu ya mbele, shimo la nne kutoka mkono wa kulia wa mchezaji huitwa nyumba, na mafundi seremala wengi hulichonga kwa umbo la mraba ili litambulike. Mchezo uanzapo, kila mtu hutia kete sita katika nyumba yake, na mbili mbili katika mashimo mawili yafuatayo kuliani. Zinazobaki, 22, hukaa mkononi.

Sehemu ya kwanza ya mchezo ni kunamua. Mchezaji hutoa kete moja mkononi na kuitia katika shimo lake la mbele lenye kete. Ikiwa shimo la adui linalokabiliana nalo pia lina kete, huzila zote na kuzipanda upande wake mwenyewe, moja moja, kuanzia kichwani. Kete zilizoliwa karibu na ukingo, yaani katika kichwa au katika shimo la pili lake liitwalo kimbi, lazima zipandwe kutoka kichwa cha upande uleule; zilizoliwa katikati humpa mlaji hiari ya upande, kama ndiyo kwanza anaanza. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mwendo huendelea. Ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala, na zamu ni ya mwenzake. Kete za mkononi zikiisha kwa wote wawili, huingiwa sehemu ya pili, mtaji, ambapo hutumika zile zilizomo ubaoni tu. Anayepoteza kete zote za safu ya mbele, au anayebaki na kete moja moja tu katika mashimo yake asiweze kutembea, amefungwa.

Hayo ni maelezo mafupi mno, na mchezaji wa kweli atayacheka. Lakini yanatosha kuonyesha jambo moja. Msamiati huu haukubuniwa kwa ajili ya mchezo. Umetolewa katika maisha ya nyumbani, ya biashara na ya njiani. Mtu ana nyumba. Ana mtaji. Hula na huliwa. Hufanya safari, na jioni hulala. Katika sehemu ya kunamua, mchezaji ambaye mwendo wake wa kula umekomea katika nyumba yake ambayo ingali na kete sita au zaidi, na hapati tena cha kula hapo, ana hiari mbili: kulala nyumbani, au kuichukua nyumba yote na kwenda safari. Akisafiri, nyumba imevunjika na haki zake zimekwisha. Kanuni hii humpa tabu mgeni anayesomewa kwa lugha nyingine, ambamo shimo ni shimo tu. Kwa msemaji wa Kiswahili kanuni imekwisha kusemwa na maneno yenyewe: anayeondoka kwake na vyote alivyo navyo hawezi kurudi kudai heshima ya mwenye nyumba.

Mfano ulio bora zaidi ni wa kitenzi takata. Maana yake ya kila siku ni kuwa safi. Katika bao, mchezaji asiyekuwa na njia ya kula hutakata, yaani huzungusha kete zake mwenyewe bila ya kumgusa adui, na zamu hiyo nzima hali kitu hata kama njiani zingetokea nafasi za kula. Kutokana na takata hupatikana takasa, kauli ya kutendesha, kwa kubadilika t kuwa s kama ilivyo katika fuata na fuasa. Kutokana na takasa hupatikana takasia, kauli ya kutendea. Hapo ndipo penye kanuni inayowashinda wanafunzi wengi wa bao. Katika sehemu ya mtaji, mchezaji aliyetakata aweza kuwa ameziweka kete zake namna ambayo zamu ijayo atakula shimo moja tu la mwenzake, na mwenzake kwa wakati huo hana njia ya kula. Shimo hilo limetakasiwa. Mwenyewe haruhusiwi kulitumia ili kukimbiza kete zake. Hulazimika kucheza kwingine na kulingoja lije kuliwa. Zipo hali chache zinazoondoa katazo hilo, kama vile shimo hilo kuwa ni nyumba, au kuwa ndilo pekee lililobaki na kete katika safu ya mbele.

Kamusi yoyote itamwambia msomaji kwamba takata ni kuwa safi na takasa ni kusafisha. Haitamwambia kwa nini takasia, ambayo kwa maana ya kawaida ingekuwa kumfanyia mtu usafi, katika bao ni kumfanyia jambo lisilompendeza hata kidogo. Lakini msemaji hana haja ya kuambiwa, kwa sababu kauli ya kutendea katika Kiswahili imezoea kubeba maana hiyo ya kutenda kwa hasara ya mtu: mtoto humlilia mamaye, lakini mdeni hukimbia na kumfia mtu na fedha zake. Ndiyo maana mchezaji haishii kusema kwamba nyumba yake imeliwa. Atasema, “Umenilia nyumba yangu,” na katika silabi hiyo moja ya katikati mna malalamiko yote. Kanuni ya kutakasia basi haikukaa katika kumbukumbu ya wazee peke yao. Imekaa katika mnyambuliko wa kitenzi. Anayezipambanua kauli tatu hizo kwa sikio ameshaijua nusu ya kanuni.

Adabu ya kusema na ya kunyamaza

Si mbali na Watamu michezo mingine ina sheria zake juu ya kusema. Malindi ina klabu ya gofu, na Vipingo, kusini mwa mji wa Kilifi, kuna kiwanja cha gofu cha mashimo 18. Gofu nao ni mchezo wa mashimo na wa adabu, na kulinganisha kunasaidia. Kanuni za kwanza za gofu zinazojulikana kuandikwa ziliandikwa Leith, Uskoti, mwaka 1744, nazo zilikuwa 13 tu. Baadaye ziliongezeka zikawa kitabu, na kwa miaka mingi kitabu hicho kilitanguliwa na sura ya adabu iliyosimama mbali na kanuni zenyewe, hadi marekebisho ya mwaka 2019 yalipoutia mwenendo wa mchezaji ndani ya kanuni ya kwanza. Msingi wa adabu hiyo ni ukimya: mtu anapojiandaa kupiga, wengine husimama na kunyamaza. Na kosa, kama lipo, mchezaji hutarajiwa kujishitaki mwenyewe, hata kama hakuna aliyemwona.

Katika bao mambo yamepinduliwa. Hakuna atarajiwaye kujishitaki, kwa sababu hakuna kinachofanyika faraghani; na ukimya wa watazamaji si heshima bali ni dalili kwamba mchezo hauna maana. Mchezaji hupanda kete moja moja, kwa mkono wazi, na mafundi hufanya hivyo kwa haraka ya ajabu. Lakini haraka hiyo husikilizwa. Watazamaji waliozoea huhesabu kwa masikio. Kete mbili zikianguka pamoja, mtu atasema, na mpandaji atarudi nyuma kurekebisha bila ya kuudhika. Kuudhika ndiko kosa.

Hata hivyo si kila neno la mtazamaji ni halali. Kula ni lazima katika bao: mwenye njia ya kula hana ruhusa ya kutakata. Mchezaji asipoiona nafasi yake, au akijifanya hakuiona kwa kuwa kula huko kutamharibia, watazamaji wana haki ya kusema, “Una mtaji.” Huko ni kuilinda kanuni. Lakini anayesema mtaji uko shimo gani, au akanyosha kidole, amevuka mpaka. Huyo anafundisha, na anayefundisha wakati wa mchezo amemdhulumu mmoja wa wachezaji wawili. Mpaka ni mwembamba. Kikohozi cha wakati wake chaweza kuwa halali, na kikohozi cha pili kikawa mafunzo. Mabaraza hutofautiana katika ukali wa jambo hili, lakini tofauti ya kuilinda kanuni na kumsaidia mtu hueleweka kote, nayo ni tofauti ambayo mahakama nyingi zimeieleza kwa kurasa nyingi.

Kuna pia mambo yasiyohitaji kuelezwa kwa urefu. Mgeni husalimu kwanza baraza zima, halafu ndipo hutazama ubao. Kijana humpisha mzee mahali pa kukaa, ijapokuwa hampishi ushindi. Adhana ikisikika, kete huachwa kama zilivyo, na wachezaji wanaporudi msikitini hakuna aliyezihesabu upya. Kwa kawaida hapawekwi dau, maana kwa Waislamu bao lenye dau limekwisha kuwa kamari, na baraza lililo hatua chache kutoka msikitini halitaki sifa hiyo.

Kuitana ni jambo la kuangaliwa zaidi. Nje ya bao, mvuvi kijana humwita mwenye umri wa baba yake mzee, ami au mjomba kwa kadiri ya ujamaa, na mwenye chombo huitwa nahodha. Akiketi naye ubaoni majina hayo hayaondoki. Kinachobadilika ni vitenzi vinavyofuata majina hayo. Kijana hawezi kumwambia ami yake barabarani kwamba atamla, atamfunga, au atamtoa katika nyumba yake, ubaoni husema yote hayo, lakini kwa kutanguliza heshima: “Ami, nyumba naila.” Nusu ya kwanza ya sentensi ni ya ukoo, nusu ya pili ni ya ubao. Akiondoa ile ya kwanza, watazamaji watamrudi hata kama mchezo wake hauna dosari. Hapa panaonekana wazi kwamba lugha ya bao si lugha ya siri wala ya rika. Ni lugha ya kila siku iliyopewa ruhusa ya muda, na ruhusa hiyo ina masharti.

Mzaha kama adhabu

Kwa kuwa hakuna faini, anayekiuka adabu hulipa kwa kuchekwa, na anayecheza vibaya hulipa vivyo hivyo. Watazamaji hawana haja ya kubuni maneno ya mzaha, msamiati umewaandalia. Mtu anayeogopa kuigusa nyumba yake zamu baada ya zamu ataulizwa kama yumo katika fungate. Aliyelala baada ya kupanda kete tatu tu huombewa ndoto njema, ijapokuwa jua lingali juu. Aliyebaki na kete chache hupewa pole ya muuza duka aliyefilisika, akaulizwa kama yuko tayari kuajiriwa. Na anayefungwa kete zingali nyingi mkononi, kabla hata ya kuufikia mtaji, huwa na siku mbaya zaidi, kwa kuwa hana hata kisingizio cha kuishiwa.

Katika mifano yote hii mzaha unafanya kazi kwa njia moja: unalirudisha neno la mchezo katika maana yake ya nyumbani. Kulala kwa kete kunafanywa kuwa kulala kwa mtu. Nyumba ya ubao inafanywa kuwa nyumba ya ndoa. Kwa hiyo kila mzaha ni somo dogo la istilahi. Mtoto aliyesimama nyuma ya babu yake akicheka pamoja na wakubwa hujifunza kwamba kuna kulala na kuna safari, na kwamba mtu hufikwa na aibu akichagua lisilofaa, miaka kabla ya kuruhusiwa kugusa kete za wakubwa. Bao lake mwenyewe kwa wakati huo ni mashimo aliyochimba mchangani.

Mpaka wa mzaha huo umechorwa na Kiswahili chenyewe, ambacho kina maneno mengi kwa kicheko. Mzaha, masihara na utani ni vitu vya barazani. Dhihaka na stihizai sivyo. Kipimo chake si ukali wa neno, bali ni mahali linapopiga. Neno likipiga mchezo wa mtu, hata likiwa chungu, ni mzaha. Likipita ubao na kupiga umaskini wake wa kweli, ugonjwa wake, au watu wa nyumba yake, limekuwa dhihaka. Na hapa ndipo penye hatari ya mchezo wenye istilahi za nyumba na mtaji. Kumwambia mwenye chombo kizuri kwamba amefilisika ni masihara. Kumwambia neno hilohilo mtu ambaye nyavu zake zilichukuliwa na bahari juma lililopita ni ukatili. Maneno ni yaleyale, silabi kwa silabi. Aliyezoea baraza hujua habari za kila aliyeketi hapo kabla hajafungua kinywa, na mara nyingi husikika akisita katikati ya sentensi na kuimaliza kwa neno jingine. Ustadi huo wa kusita ni ustadi mkubwa.

Ujamaa nao una sehemu yake. Katika pwani babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu wa kiume mume mwenziwe, na mjukuu humjibu kwa namna hiyo. Kati ya baba na mwana hakuna ruhusa hiyo. Kwa sababu hiyo mchezo wa babu na mjukuu hujaa kicheko, ilhali mchezo wa baba na mwanawe, ukichezwa, huwa wa adabu mno na haukusanyi watazamaji wengi. Kucheza bao bila ya kutaniana kunawezekana, kama kula wali mkavu kunavyowezekana.

Ubao bila maneno

Yasemwayo hapo juu yana uzito wa pekee kwa Watamu ya leo. Mabao mazuri ya kuchongwa yanauzwa katika maduka na vibanda vya vinyago vya Watamu na Malindi, na mtalii huondoka nalo akaliweke mezani kwake Milano au London. Hapana ubaya katika kuuza kazi ya mkono. Tatizo ni kwamba ubao ndio sehemu ya mchezo iliyo rahisi kusafirishwa. Bao lililoelezwa kwa Kiingereza au Kitaliano katika karatasi moja linaweza kubakiza kete 64 na mashimo 32, lakini likapoteza tofauti ya kutakata na kutakasia, kwa maana hakuna kitenzi cha kuishika. Mchezo unaobaki una kanuni chache, na hauna adabu yoyote, kwa kuwa hakuna anayeweza kumtania mwenziwe kwa kulala katika lugha ambayo kete hazilali.

Wala hatari haitoki kwa wageni pekee. Kijana wa Watamu ana simu mkononi, ana meza ya puli, ana drafti, karata na dhumna. Michezo hii si mibaya, lakini haikuja na msamiati wa nyumba na safari. Wakati huohuo maneno ya bao yanatoka barazani na kufanya kazi nyingine. Mchezaji wa kandanda hufunga bao. Mwanasiasa hutupa kete yake ya mwisho. Na katika miji ya pwani, Malindi na Watamu zikiwamo, kete limekuwa pia jina la kipakiti cha dawa za kulevya, kiasi kwamba mama akisikia kuwa mwanawe ameonekana na kete hafikirii ubao. Katika lugha hai neno halina mwenyewe, na hakuna sababu ya kulilaumu. Lakini ikiwa kizazi kijacho kitazijua maana hizo tatu na kuikosa ile iliyozizaa mbili za mwanzo, mnyambuliko wa takata utabaki katika vitabu vya sarufi bila ya mahali pa kutumika kikamilifu.

Hapa idara za lugha zina kazi iliyo ndani ya uwezo wao. Ukusanyaji wa istilahi za bao uliokwisha kufanywa umeelekea sana Zanzibar, ambako mafundi ni wengi na mashindano yamekuwapo. Pwani ya Kenya, kutoka Lamu, ambako bao limekuwa sehemu ya tamasha la utamaduni, hadi Vanga, inastahili kuangaliwa kwa makini yaleyale. Orodha ya maneno haitoshi. Mtafiti akimwuliza mzee maana ya kutakasia faraghani, atapewa maelezo ya hesabu. Akinasa mchezo mzima, pamoja na watazamaji, atasikia neno likitumika kama dai, kama tishio, kama kicheko na kama pole, na atajua ni nani alimwambia nani, kwa cheo gani cha ujamaa, na wengine walijibu nini. Kinasa sauti kiwekwe karibu na watazamaji kuliko karibu na ubao. Kiachwe kikizunguka hata baada ya kete ya mwisho, kwa sababu mengi husemwa hapo: aliyefungwa hunyanyuka, hukung'uta mchanga katika kikoi chake, humpisha anayefuata, kisha huenda kusimama miongoni mwa watazamaji, ambako kuanzia dakika hiyo yeye naye ana haki ya kusema.